Mala ya Penitala

Siku ile mjinga alikuwa Penitala, na hilo hata yeye mwenyewe habishi. Ukimuuliza leo, atakuonyesha pengo lililo upande wa kushoto wa taya lake, atacheka, kisha atakwambia kwamba kijiji cha Vaiuli kimewahi kuwa na wajinga wengi, ila mwenye risiti ni yeye peke yake.

Kazi ya Penitala ilikuwa mdomo. Alikuwa na shamba la majimbi kama watu wengine, na nguruwe wawili watatu, lakini hakuna aliyemtaja kwa hayo. Kwenye timu ya kriketi ya Vaiuli yeye ndiye aliyeshika kipenga. Ndiye aliyewaongoza wenzake kupiga makofi, kuimba na kuruka wakati wapinzani wameshika gongo, na ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumkejeli yeyote aliyesimama kulinda vijiti, ambavyo mpira ukiviangusha mpigaji ametoka, awe shemasi au mzee wa ukoo. Timu isiyo na mtu wa namna hiyo inarusha mpira, inaudaka, inakimbia huku na huku, na watazamaji wanaanza kukumbuka kwamba nyumbani kuna kazi.

Na neno lake kubwa lilikuwa mala.

Mpinzani akikosa mpira, Penitala anapuliza kipenga na kumuuliza kwa huruma asubuhi alimjibu nini mama yake. Shelisheli ikiungua, mala. Mvua ikikuta nguo kambani, mala. Jogoo wa mchungaji alipopoteza sauti, Penitala alikwenda mpaka uani kumpa pole kwa mala iliyompata. Watu walicheka sana, ila wazee walicheka huku wanatazama pembeni, maana neno hilo huku kwetu halina mchezo. Si mkosi, kwa kuwa mkosi hauna mwenyewe, unampata yeyote anayepita njia. Wala si laana, kwa kuwa laana ina maneno na ina aliyeyatamka. Mala haitamkwi. Unamuumiza mtu uliyepaswa kumheshimu, mama yako, shangazi yako, na kuliko wote dada yako. Yeye ananyamaza, anameza. Na kile alichokimeza yeye ndicho kinachokukaba wewe. Hata asipotaka kinakuja. Ndiyo maana mwanamume wa huku anaweza kugombana na kijiji kizima na akalala usingizi wake vizuri, lakini dada yake akinyamaza ghafla, anaweka chakula chini.

Dada yake Penitala ni Fuatino. Ndiye mkubwa, hakuolewa, na sababu zake alikaa nazo mwenyewe. Alikuwa msusi wa mikeka, ile miembamba ya majani ya mkadi yaliyochanwa hadi yakawa kama nyuzi, ambayo haikaliwi wala hailaliwi. Mkeka wa namna hiyo unatolewa kwenye mazishi makubwa na kutawazwa kwa wazee, au unafungwa kiunoni na mwanamke anayecheza ngoma ya mwisho siku ya sherehe. Mmoja aliokuwa nao mikononi wakati huo alikuwa ameusuka mwaka baada ya mwaka, na ulikuwa umebakiza pindo tu.

Basi wajumbe wa Lotofue, kijiji cha ng'ambo ya mto, walikuja kupanga siku ya mechi. Wakaketishwa kwenye nyumba kubwa, wakanyweshwa kava, kile kinywaji cha mizizi cha kupokelea wageni, na Penitala akapewa kazi ya kuwachekesha. Nyumba zetu hazina kuta. Kutoka pale walipokaa waliwaona wanawake wakisuka kwenye nyumba ya pili, na mgeni mmoja, kwa adabu tu, akauliza yule mama aliyeinama pale pembeni anasuka nini.

Penitala alikuwa amekwisha wachekesha mara nyingi asubuhi ile, na mtu akizoea kuchekwa hawezi kuacha swali lipite hivihivi. "Ule?" akasema. "Ule ndio mala ya ukoo wetu. Aliuanza ili aolewe nao. Mchumba kazeeka, kafa, kaoza, na mkeka bado haujafika pindo."

Wakacheka. Tuiloma, msemaji wa kijiji, mtu mzito ambaye fimbo yake ya kuhutubia ilikuwa ndefu kuliko yeye, alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akapaliwa na ikabidi apigwepigwe mgongo. Alipomaliza kukohoa, kila mtu akaona Fuatino akikunja mkeka wake polepole, akiubeba kwapani, na kwenda zake. Hakusema neno wala hakutazama nyuma.

Kesho yake Penitala aliamka taya limevimba.

Mwanzoni shavu lilikuwa kama la mtu anayeficha ndizi. Kufika adhuhuri jicho lilikuwa limeanza kufunga. Akijaribu kusema, kilichotoka ni mngurumo, na akijaribu kupuliza kipenga, machozi yanamtoka kabla ya pumzi. Watu waliopita nyumbani kwake walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari kwa hatua za haraka kidogo. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mdomo ndio uliokosa, na mdomo ndio uliopigwa.

Aliyelisema kwa sauti alikuwa Tuiloma yuleyule. Alilisema kisimani, akalisema kwa mchungaji, akalisema mbele ya timu nzima jioni ya mazoezi: hii ni mala, mmeiona kwa macho yenu, na mtu mwenye mala haingii uwanjani na wenzake, kwa sababu mala haichagui shati. Nahodha Pesamino alikuwa rafiki wa Penitala tangu wakiwa watoto wa kuiba mapapai, lakini naye alikuwa na mke, na mke wake alikuwa na shangazi. Alikuja nyumbani, akakaa, akazungumza habari za mvua. Mwishowe akanyoosha mkono, na Penitala akavua kamba ya kipenga shingoni akampa. Pesamino akamwambia asivunjike moyo: dada yake akimtemea maji kabla ya siku ya mechi, atarudishiwa.

Hiyo ndiyo dawa inayojulikana. Aliyeumizwa anachukua maji mdomoni, anayatema mbele ya mgonjwa, kuonyesha kwamba ndani yake hakuna kilichobaki. Rahisi. Isipokuwa kwanza lazima ndani yake kusiwe na kilichobaki, na Fuatino tangu siku ile hakuwa amegusa mkeka wala kumsemesha mtu. Alikuwa anafua. Alifua hata vitu visivyo vichafu.

Penitala alikaa akafikiri, na kufikiri bila kusema kulimchosha kuliko kulima. Kuomba radhi kwa maneno hakuweza. Kwa hiyo akaamua kuomba kwa ile njia kubwa, njia ya watu walioua au kuchoma nyumba: mkosaji anakwenda mbele ya nyumba ya aliyekosewa, anapiga magoti juani, anajifunika mkeka mwembamba gubigubi, anangoja. Aliyekosewa akitoka na kuuinua ule mkeka, yamekwisha. Asipotoka, unakaa.

Hayo hufanywa baina ya ukoo na ukoo, kijiji na kijiji. Hayajawahi kufanywa na mtu kwa dada yake anayekaa naye boma moja na kumpikia. Lakini Penitala, kama tulivyosema, alikuwa mjinga siku zile, na mjinga mwenye homa. Alfajiri alipapasa kwenye boriti ambako mikeka ya boma huhifadhiwa, akateremsha mkeka wa kwanza ulioshikika, akajifunika, akapiga magoti kwenye kokoto mbele ya nyumba ya wanawake.

Jua likapanda. Watu wakaanza kukusanyika ng'ambo ya njia, kila mmoja akijifanya amepita tu. Mwanzoni walikuwa kimya kwa heshima. Kisha mwanamke mmoja akakaza macho, akamgusa mwenzake, naye akamgusa mwenzake, na kicheko kikaanza kutambaa kama moto wa majani makavu. Mkeka aliojifunika Penitala haukuwa na pindo. Nyuzi zake zilining'inia pande zote, nyingine zikimpepea mbele ya pua kama ndevu za mbuzi. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa kuutukana mkeka, naye amejifunika mkeka uleule.

Yeye chini kule hakujua. Alisikia vicheko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisikia vicheko asivyovipanga. Jasho lilimtiririka, taya likapiga ngoma. Ili asianguke akatafuta kitu cha kutazama, na kilichokuwa mbele ya macho yake ni mkeka. Jua lilipenya humo kama linavyopenya maji ya mwambani. Akatafuta mahali uzi mmoja unapoishia na mwingine unapoanza. Hakupaona. Akapitisha kidole, akafuata mstari mmoja tangu usoni mpaka begani, hakupaona. Akaanza upya. Hapo ndipo kidole kilipogusa zile nyuzi zilizolegea, na akatambua alichojifunika. Akatamani kokoto zimmeze. Lakini kuinuka hawezi, sharti uinuliwe. Basi akaendelea kufuata mistari kwa kidole, polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya na kwa kuwa, hili alilikiri baadaye, ulikuwa mzuri na hakuwahi kuutazama.

Fuatino alikuwa amesimama barazani muda mrefu, beseni la nguo kwenye nyonga moja. Alikiona kidole kikitembea chini ya mkeka.

Akaja, akauinua. Watu wakashusha pumzi.

"Msishukuru," akawaambia wa ng'ambo ya njia. "Nauondolea mkeka jua. Mkeka haujamkosea mtu." Akaukunguta, akaukagua ulipolowa jasho. Ndipo akamtazama ndugu yake. "Na wewe. Mimi sikukutumia kitu. Ningekuwa natuma, ningeanza na miguu, usinifikie hapa."

Penitala akanguruma kitu.

"Usiseme. Nimekusikia miaka yote, leo ni zamu yangu." Akakaa juu ya beseni aliloligeuza, na pale mbele ya wote akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mkeka ule hakuuanza ili aolewe. Aliuanza mwezi aliozikwa mama yao, kwa sababu mikono yake ilihitaji mahali pa kwenda. Penitala wakati huo aliwachekesha watu matanga yote, na kila mtu alimshukuru; yeye alisuka. Kila mtu na njia yake. Njia ya ndugu yake hakuwahi kuicheka.

Penitala aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kokoto. Fuatino akaagiza dafu, akanywa funda, akalisukutua, akatema pembeni ya goti la Penitala, kisha akajifuta. "Nimemaliza," akasema. "Sasa fungua mdomo." Akatazama ndani, akarudisha kichwa nyuma kwa harufu. "Nenda kwa nesi, mwehu wewe. Humo mna jino limekufa siku nyingi."

Lilikuwa limekufa siku nyingi kweli. Nesi Aperila wa zahanati alilitoa kwa goti moja kifuani kwa mgonjwa, akamziba kwa pamba na kumpa amri: hakuna kipenga, hakuna kupiga kelele, hakuna kuimba mpaka kidonda kifunge. Siku ya mechi ingefika kabla ya kidonda. Tuiloma aliposikia akatikisa kichwa na kuiambia timu kwamba maji yametemwa, sawa, lakini mdomo bado umefungwa, kwa hiyo mala haijaondoka. Kipenga kikabaki kwa Pesamino. Jioni hiyo, hata hivyo, Fuatino alionekana nyumba ya kusukia, ameinama kwenye pindo, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia.

Mechi ikafika. Lotofue walikuja kijiji kizima, na waliokuwa kwenye malori walianza kuimba kabla hawajavuka mto. Vaiuli tulitangulia kupiga, tukapata mikimbio ya kutosha kutuaibisha tukishindwa. Kisha Lotofue wakashika gongo, na hapo tukaona maana ya kukosa mdomo. Pesamino alipuliza kipenga kama askari wa barabarani. Makofi yakawa ya kanisani. Mpigaji wao mkubwa, jitu moja lenye mapaja kama magogo ya minazi, aliutuma mpira msituni, akautuma kwenye bustani ya mchungaji, akautuma baharini ambako ilibidi mtu aufuate kwa kuogelea. Mchekeshaji wao akapita mbele yetu akichungulia chini ya majamvi. "Namtafuta Penitala," akasema. "Nimesikia ule mdomo mmeuzika. Mbona hamkutualika matanga?"

Penitala alikuwa ukingoni, shavu limejaa pamba, mikono imelala mapajani. Mikimbio iliyobaki kwa Lotofue ilikuwa michache, na mpigaji wao aliyebaki ni lile jitu tu. Akainuka. Tuiloma akamzuia kwa fimbo. Na hapo, kutoka upande wa wanawake, kikasikika kishindo cha debe la biskuti.

Alikuwa Fuatino. Alikuwa amelipakata debe na kulipiga kwa kile kipande cha mti anachonyooshea majani ya mkadi, na sauti iliyomtoka hakuna aliyejua anayo. "Jitu la Lotofue," akaita, "asubuhi mama yako ulimjibu nini?"

Uwanja ukalipuka. Maneno yalikuwa ya Penitala, yote, yale ya mama, yale ya jogoo wa mchungaji, yale ya shelisheli. Alikuwa ameyasikia miaka yote kutoka nyumba ya pili na hakupoteza hata moja. Isitoshe aliyapunguza pale yaliporefuka na kuyanoa pale yalipokuwa butu. Makofi yakarudi, miguu ikarudi. Penitala akaipita fimbo ya Tuiloma akaingia katikati ya wenzake, akacheza bila sauti, mwili mzima ukiwa mdomo.

Mrushaji wetu akajiandaa. Jitu likainua gongo. Ndipo Penitala, aliyesimama mahali ambapo jitu haliwezi kukwepa kumwona, akachukua kuti la mnazi, akajifunika kichwani, akapiga magoti. Majani yakamning'inia puani. Chini ya kuti akatoa kidole kimoja, akaanza kufuata mistari, huku shavu lake lililovimba limejitokeza pembeni kama nazi. Hadithi ile ilikuwa imekwisha vuka mto zamani. Hakuna mtu wa Lotofue asiyeijua. Vaiuli wote wakaanguka kwa kicheko. Jitu likabana midomo, likatazama angani, likatazama mpira, mabega yakaanza kulitikisika. Likapiga huku linacheka, na gongo likapita juu ya mpira kwa nafasi ya mtu mzima kulala. Vijiti vikaruka.

Hakuna haja ya kueleza kilichofuata. Penitala alibebwa juujuu mpaka pamba ikamtoka mdomoni.

Wakati wa sherehe mkuu wa kijiji akasema binti yake, ambaye ndiye huicheza ngoma ya mwisho, amechoka, aicheze Fuatino. Akatoka amefunga mkeka wake, pindo limetimia, manyoya mekundu kuuzunguka ukingo. Akacheza kama wanavyocheza wanaojua, taratibu, mikono tu, uso umetulia. Na kuzunguka miguu yake alikuwako Penitala, akigaagaa vumbini, akijikwaa, akianguka kifudifudi, akijipaka matope, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mchekeshaji kwenye ngoma ile: anajishusha chini kabisa ili anayecheza aonekane yuko juu. Alikuwa amewafanyia mabinti wa watu tangu ujana. Kwa dada yake hakuwahi kufanya hivyo. Mzee mmoja wa Lotofue aliyekuwa mpinzani wetu mpaka adhuhuri alifuta macho kwa ncha ya shuka.

Nguruwe alipokuwa anakatwa, Tuiloma akasimama na fimbo yake. Akahutubia kwamba leo vijana wamefundishwa maana ya neno. Ndugu alisema vibaya, mdomo ukapigwa. Dada akatema maji, mdomo ukapona. Hiyo ndiyo mala, na asiye na macho asikilize. Nesi Aperila akasema kwa upole kwamba lilikuwa jino, na analo kwenye chupa kama kuna anayetaka kulisalimia. Tuiloma akajibu kwamba jino ni mlango tu ambao mala iliupitia. Wengine wakasema jino, wengine mala, mmoja akasema vyote viwili, na majimbi yakaanza kupoa. Pesamino akamuuliza Penitala mwenyewe, naye akaonyesha kwa mkono kwamba waendelee kubishana, yeye ataanza kula.

"Aulizwe Fuatino," akasema Tuiloma, akamgeukia. "Wewe ndiye mwenye jambo. Waambie hawa. Mdomo ukimkosea dada wa mtu, mala haiupigi?"

Fuatino akaweka chini jani lake la chakula, akalamba kidole kimoja, akamtazama kwa heshima yote anayostahili msemaji wa kijiji.

"Basi fungua wako tukutazame, mheshimiwa Tuiloma, maana siku ile Penitala alisema tu, aliyecheka mpaka akapigwapigwa mgongo ni wewe."